Naomba ushauri: programu yetu tuipime na OpenSSL zipi, tuache zipi?

MchumaKarafuu (Chake Chake)

Assalaam alaykum wana jamvi.

Mie na mwenzangu aliyeko Unguja tuna programu ndogo tuliyoiandika kwa C. Inatumika kwenye maduka ya dawa 14, 11 hapa Pemba na 3 Unguja. Kazi yake si kubwa: kila jioni inachukua mauzo ya siku, inayafunga kwa AES-256-GCM (njia ya usimbaji fiche), inatia saini kwa ufunguo uliomo ndani ya cheti cha duka (faili la .p12), kisha inayapeleka kwenye seva yetu. Mambo yote ya usimbaji fiche tumeiachia OpenSSL, maktaba huria ya kazi hiyo. Hatukujitia ujuzi wa kuandika letu.

Wiki mbili nyuma duka moja la Wete lilipata kompyuta mpya, na kijana aliyewawekea akatia Debian 12, mfumo wa Linux. Akahamisha mafaili yetu kwa flashi kutoka kwenye ile kuukuu, cheti na kila kitu. Jioni Bi mwenye duka akabonyeza "Peleka", ikamtokea hii:

`error:0308010C:digital envelope routines:inner_evp_generic_fetch:unsupported ... Algorithm (RC2-40-CBC : 0)`

Mie nilikuwa harusini Mkoani, simu iko mfukoni mwa koti na koti nimelivua. Amenipigia mara 6. Nilipofika dukani kesho yake nikamkuta ameshaandika mauzo ya siku mbili kwenye daftari la mistari, kwa mkono, na juu ya ukurasa ametia: "kompyuta ya mtoto wa fulani imekataa". Huyo mtoto wa fulani ndiye mie.

Tukaona hapana, tuipime programu kwa matoleo yote. Tukapanga jedwali: 1.0.2, 1.1.0, 1.1.1, 3.0, 3.1, 3.2, 3.3, 3.4, 3.5, na LibreSSL. Mistari 10. Kila mmoja kwa kompaila mbili, gcc na clang, inakuwa 20. Kila jaribio linaanza kwa kuikompaili OpenSSL yenyewe kutoka msimbo wake, na kwa kompyuta yangu hii ya GB 4 ni kama dakika 35. Fanyeni hesabu: dakika 700, karibu saa 12. Umeme ukikatika katikati (na hapa Machomanne haukosi), naanza upya. Bando nalo linakwenda.

Na kinachonitia wazimu khasa ni hiki: jedwali zima limepita. Kijani tupu, hata 3.0, na Debian 12 ya Wete ni 3.0 hiyohiyo.

Nnachoomba: tubakishe matoleo gani, tuyaache gani, na kwa nini jedwali halikuliona kosa la Wete?

---

KijanaWaKidichi

OpenSSL siijui. Ila huyo Bi wa daftari ndiye mwenye mfumo usiokatika umeme, mpeni cheo.

---

FundiDarajani

Pima zote. Huu ni usimbaji fiche, si rangi ya vitufe. Leo unaacha 3.2 kwa sababu ya bando, kesho mteja anayo 3.2 na dawa za watu zinapotea kwenye hesabu. Tena ongeza na yale matoleo madogo, 3.0.1, 3.0.2, mpaka mwisho.

---

MchumaKarafuu

Fundi, matoleo madogo nayo! Kwa umeme upi? 😅

---

NahodhaMstaafu (Unguja)

Waalaykum salaam kijana wangu.

Umetuorodheshea matoleo ya OpenSSL yote, lakini mashine za wateja wako hukuzitaja hata moja. Hivyo umepanga kwa kutazama duka la muuzaji, hukutazama jikoni kwa mnunuzi. Wapigie wote 14. Kila mmoja aandike `openssl version` na `cat /etc/os-release` akutumie majibu. Seva yenu pia. Bila ya hayo tutakupigia ramli tu.

---

MchumaKarafuu

Imenichukua siku mbili. Duka moja jibu limekuja kwa picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, nusu ni kidole. Haya hapa:

Konde, duka 1: CentOS 7, inasema 1.0.2k
Maduka 4: Ubuntu 20.04, 1.1.1f
Maduka 2: Debian 11, 1.1.1w
Maduka 5: Ubuntu 22.04, 3.0.2
Wete: Debian 12, 3.0
Unguja Mjini, duka 1: Ubuntu 24.04, 3.0.13
Seva: AlmaLinux 8, 1.1.1k

Hata mie nimeshangaa. 3.1 mpaka 3.4 hakuna mwenye nayo.

---

NahodhaMstaafu

Wala hutompata. Tuanze hapo.

Watu wa OpenSSL wanatoa matoleo kwa ratiba yao, na watu wa Ubuntu na Debian wanachukua machache tu kati ya hayo. Wanayopenda ni yale ya muda mrefu. 1.1.1 ya Septemba 2018 ilikuwa hivyo. 3.0 ya Septemba 2021 ni hivyo, inasaidiwa mpaka Septemba 2026. 3.5 ya Aprili 2025 nayo, mpaka Aprili 2030. Hizo za katikati zinaishi muda mfupi: 3.1 ilitoka Machi 2023, Machi 2025 ikaisha. Mwenye duka la dawa hakai akaikompaili OpenSSL mwenyewe. Anapewa na mfumo wake, na mfumo umempa 3.0.

1.1.0 ndiyo iliyosahaulika kuliko zote. Debian 9 ilikuwa nayo. Ubuntu 18.04 ilianza nayo ikahamia 1.1.1. Leo ukiipima unampimia marehemu.

Tena usitazame tarehe ya mwisho ya OpenSSL peke yake. 1.1.1 kwa wenyewe imekwisha Septemba 2023, lakini nyinyi mnayo kwenye maduka 6 na kwenye seva, na AlmaLinux 8 itaendelea kuitia viraka vya usalama mpaka 2029. Ukiifuta kwa sababu tovuti ya OpenSSL inasema imekufa, umejifutia nusu ya wateja.

Nyie Wapemba mnajua kununua karafuu. Gunia huchambui punje moja moja. Unatia mkono juu, unatia katikati, unatia chini kabisa wanakoficha makonyo. Kwenu chini ni 1.0.2 ya Konde, katikati ni 1.1.1 na 3.0, juu ni 3.5. Hiyo 3.5 haina mteja leo, lakini Debian 13 imekuja nayo, na yule kijana wa Wete mashine ya pili atakayoweka ataitia hiyo. Mikono minne, basi.

Sasa ndani ya 3.0 chagua ipi? Chagua iliyo kuukuu kati ya walizonazo, yaani 3.0.2 ya Ubuntu 22.04. OpenSSL wameahidi kwamba programu iliyokompailiwa kwa 3.0 itaendeshwa na 3.1, 3.2, mpaka 3.5, maktaba zote hizo ni `libssl.so.3`. Kinyume chake hawakuahidi: ukikompaili kwa 3.5 ukatumia kitu kipya cha 3.5, Ubuntu 22.04 itakukatalia. Kwa hiyo unakompaili kwenye kuukuu, unaendesha kwenye kuukuu na kwenye mpya. Ya 22.04 ukiichukua kama ilivyo ukaipeleka kwenye Debian 13, umeshaifunika Wete na Mjini bila kuzigusa.

Na uache kukompaili OpenSSL! Hapo ndipo saa zako 12 zilipokwenda. 3.0.2 ya kwenye tovuti si 3.0.2 ya Ubuntu. Ubuntu wameitia viraka vyao na kiwango cha usalama wamekipandisha kuwa 2, cheti chenye ufunguo mfupi kinachopita kwenye ile ya tovuti kwao kinakataliwa. Pima kitu kilekile alichonacho mteja: konteina (mfumo uliofungwa ndani ya kifurushi kimoja) ya Ubuntu 20.04, ya 22.04, ya Debian 13, na paketi zao wenyewe. Clang iache, kama mnawapelekea wateja faili la gcc pimeni la gcc.

La mwisho, swali. Katika majaribio yenu, cheti cha .p12 kinatoka wapi?

---

MchumaKarafuu

Kinatengenezwa na jaribio lenyewe, mwanzoni. `openssl pkcs12 -export`, tunakisoma, tunatia saini, tunakifuta.

---

NahodhaMstaafu

Nilijua. Basi hata ungepima matoleo 200 usingeliona.

Cheti cha duka la Wete mlikitengeneza lini na kwa mashine gani?

---

MchumaKarafuu

2019. Kwa kompyuta ya mwenzangu, Ubuntu 18.04.

Oh.

---

NahodhaMstaafu

Ndiyo hiyo "oh".

OpenSSL mpaka 1.1.1, ukiiambia itengeneze .p12 bila maelezo zaidi, cheti inakifunga kwa RC2 ya biti 40 na ufunguo inaufunga kwa 3DES, njia mbili za zamani za usimbaji. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Ilipokuja 3.0 wakabadilisha, sasa vyote viwili vinafungwa kwa AES-256. Na RC2 wakaitoa kwenye kundi la kawaida, wakaitia kwenye moduli ya pembeni inayoitwa legacy pamoja na RC4, MD4, Blowfish na wazee wengine. Moduli hiyo haipakiwi mpaka uiite. 3DES imebaki kwenye kundi la kawaida, kwa hiyo kosa ulilopata halikutaja ufunguo, limetaja RC2 tu.

Jaribio lako linatengeneza cheti kwa 3.0 na kukisoma kwa 3.0. Wanasikilizana, ni mtu na kivuli chake. Mteja kakitengeneza kwa 1.1.1 mwaka 2019 na anakisoma kwa 3.0. Ndiyo safari ambayo hamkuipima.

Wale 5 wa Ubuntu 22.04 wamesalimika kwa sababu bila shaka vyeti vyao mlivitengeneza baadaye, kwa mashine mpya. Lakini hesabu vizuri: yule wa CentOS, wale 4 wa 20.04, wale 2 wa Debian 11. Maduka 7 yamekalia bomu lilelile. Siku watakapobadilisha mashine watakupigia, na sijui utakuwa harusi ya nani.

---

Bi_Nukta (Unguja)

Nahodha kamaliza kazi, naongeza langu kwa wanaoandika Python maana nimeumia hapohapo.

Mwaka juzi nilikuwa na jaribio kama hili. Nikapima kwenye mashine tatu za matoleo tofauti ya OpenSSL, zote zimepita, nikafurahi nikaenda Forodhani kula urojo. Baadaye ndiyo nikagundua kwamba paketi ya `cryptography` ukiisakinisha kwa pip inakuja na OpenSSL yake ndani ya tumbo. Mashine iwe na 1.1.1 au 3.0, paketi haina habari nayo. Nilikuwa nimepima OpenSSL moja mara tatu!

Na ubaya zaidi, moduli ya `ssl` ya Python yenyewe inatumia ile ya mfumo. Kwa hiyo ndani ya programu moja kuna OpenSSL mbili, moja inafunga faili, nyingine inazungumza na seva. Andika zote mbili mwanzo wa kila jaribio: `ssl.OPENSSL_VERSION` na `backend.openssl_version_text()`. Siku hizi jaribio langu lisipoona namba ninayoitarajia linakufa palepale, haliendelei.

Wewe wa C usidhani umepona. `OPENSSL_VERSION_NUMBER` ni namba ya siku uliyokompaili. Inayoendesha sasa hivi unaiuliza kwa `OpenSSL_version()`, na kwa 1.0.2 jina lake ni `SSLeay_version()`. Chapisha zote mbili kwenye logi. Mteja akikupigia simu usimuulize "una toleo gani", soma logi.

---

MtuWaFumba

Mie napingana na Nahodha kwenye mkono wa chini. 1.0.2 imekwisha Desemba 31, 2019. CentOS 7 yenyewe imekwisha Juni 30, 2024. Ukiendelea kuipima unamwambia mwenye duka la Konde kuwa yuko salama, na hayuko. Haina TLS 1.3 (toleo jipya la itifaki ya mawasiliano salama), na CentOS hawaitii tena kiraka. Data za wagonjwa hizi. Mwambie abadilishe, asipobadilisha mkate.

---

MchumaKarafuu

Mtu wa Fumba, yule wa Konde ni mzee wa miaka 70 na kitu. Kompyuta aliletewa na mwanawe kutoka Dar, na mwanawe ndiye pekee anayeijua nywila. Nimkate vipi? Ndiye duka la dawa pekee mtaani kwao.

---

MtuWaFumba

Huruma si kiraka.

---

NahodhaMstaafu

Yuko sawa, na wewe uko sawa. Ukiacha kumpima leo mzee hatohama kesho, atabaki palepale na programu isiyopimwa. Mpime, lakini mwandikie tarehe. Weka ndani ya jedwali kabisa: mstari wa 1.0.2 unafutwa mwisho wa msimu huu wa karafuu, watu wakiwa na pesa. Mwanawe akija mwambie ana kwa ana.

Na ujue gharama yake. 1.0.2 haina `EVP_MD_CTX_new`, kwao ni `EVP_MD_CTX_create`. Kuanzia 1.1.0 maumbo mengi yalifichwa, huwezi tena kuyatangaza moja kwa moja ndani ya msimbo wako. Kila `#if` uliyoiandika kwa ajili ya Konde ni ya Konde peke yake. Siku ikifutwa, zifute nazo.

---

MtuWaFumba

Tarehe nakubali. Bila tarehe sikubali.

---

FundiDarajani

Haya, nimekubali kwamba zote si lazima. Lakini mnampimia mtu kwa 3.0.2 wakati lile shimo la Novemba 2022, CVE-2022-3602, lilikuwemo kuanzia 3.0.0 mpaka 3.0.6? Lilizibwa 3.0.7. Maduka 5 yana shimo, mnapita mnasalimiana tu?

---

Bi_Nukta

Hawana shimo, Fundi, ikiwa wanapokea masasisho ya mfumo. Ubuntu hawapandishi namba. Wanachukua kiraka cha 3.0.7 wanakishona kwenye 3.0.2 yao. Ukiandika `openssl version` utaona 3.0.2 mpaka kiama. Ukweli uko kwenye namba ya paketi: `dpkg -l libssl3`, ile sehemu inayofuata baada ya alama ya kutoa ndiyo inayopanda.

Kwa hiyo programu inayokagua "kama ni chini ya 3.0.7 kataa" ni programu mbovu. Nimeziona, na moja niliiandika mwenyewe.

Tena shimo hilo 1.1.1 halikuwa nalo. Na shimo la Heartbleed la Aprili 2014 lilikuwa 1.0.1 mpaka 1.0.1f, waliokuwa na 0.9.8 kuukuu walilala usingizi. Ndiyo maana "weka mpya tu" au "kaa na ya zamani" yote mawili si jibu.

---

KijanaWaKidichi

Na LibreSSL vipi? Mbona mmeipita kimya?

---

Bi_Nukta

Ana mteja wa OpenBSD, mfumo unaotumia LibreSSL, pale Micheweni? 😄 Aifute. LibreSSL ilijitenga na OpenSSL mwaka 2014 na sasa ni njia nyingine. Ila kama `#if` zake zinatazama `OPENSSL_VERSION_NUMBER`, ajue LibreSSL siku zote inajibu 0x20000000, toleo lolote liwe. Inaonekana kubwa kuliko 1.1.0 na ndogo kuliko 3.0. OpenSSL wenyewe waliiruka namba 2, kwa hiyo ukiiona hiyo ujue umo nyumba ya jirani.

---

NahodhaMstaafu

Nimesahau moja. Kwenye 3.0 seva ikikata mawasiliano bila kuaga rasmi, inahesabiwa kosa la TLS. 1.1.1 ilikuwa na jibu laini zaidi ambalo programu nyingi zililichukulia kuwa ni mwisho wa kawaida. Jaribu kuizima seva katikati ya kupeleka uone programu yako inasema nini. Kwa umeme wenu, hilo litatokea kila wiki.

---

MchumaKarafuu

Tatizo la konteina ni bando. Picha nne, na paketi za kukompailia juu yake.

---

Bi_Nukta

Nakutengenezea mie huku kwa intaneti ya ofisini. `docker save`, naitia kwenye flashi, flashi inakuja na boti ya asubuhi. Una mtu wa kuipokea Mkoani? Ya CentOS 7 ina tabu kidogo, hazina zao za paketi zimehamishiwa vault.centos.org, nitaielekeza huko kwanza.

---

MchumaKarafuu

Nina binamu pale bandarini. Allah akulipe dada yangu, ntakutumia namba yake faragha.

---

MchumaKarafuu (siku 9 baadaye)

Nimerudi na majibu, maana nyuzi za humu watu wakishasaidiwa hupotea.

Flashi ilifika imefungwa ndani ya kipande cha kanga. Jedwali sasa ni mistari 4: CentOS 7, Ubuntu 20.04, Ubuntu 22.04, Debian 13. Gcc peke yake. Kutoka saa 12 mpaka dakika 11. Jana umeme umekatika mara mbili na bado nimemaliza kabla ya Isha.

Cheti sasa hakitengenezwi na jaribio. Nimetengeneza vyeti 4 vya bandia, kimoja kwa kila mashine, nimevitia kwenye folda moja, na kila mashine inasoma vyote 4. Kusoma mara 16, sekunde chache. Mara ya kwanza kabisa kuendesha, 22.04 na Debian 13 zimekuwa nyekundu kwa vyeti vya kuukuu. Nilifurahi kuona nyekundu kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.

Kisha nikafanya ujinga. Badala ya kubadilisha vyeti nikasema niiite ile moduli ya legacy ndani ya programu, mstari mmoja, `OSSL_PROVIDER_load(NULL, "legacy")`. RC2 ikafunguka, AES-256-GCM ikafa. Nusu siku! Kumbe ukiita moduli yoyote kwa jina, ile ya kawaida haijipakii tena yenyewe, lazima uiite nayo "default". Nikaiita. 22.04 ikapita. Nikaruka kwa furaha, Debian 13 ikakataa: moduli ya legacy haipo kabisa. Debian 13 wameitoa wakaifanya paketi ya peke yake, na kwenye konteina yetu haikuwemo. Bila ya mkono wa juu wa gunia ningeipeleka Wete hivyohivyo.

Nikaufuta mstari. Njia iliyobaki ni ya halali: vyeti vyote 8, cha Wete na vya wale 7, nimevifungua na kuvifunga upya kwa mashine ya 3.0.

`openssl pkcs12 -legacy -in duka.p12 -nodes -out duka.pem`
`openssl pkcs12 -export -in duka.pem -out duka-mpya.p12`

Cheti kipya cha AES kinasomeka mashine zote 4, hata ile ya Konde. Nimezunguka na pikipiki siku mbili kuvibadilisha. La seva kukatika nalo nimelijaribu: 3.0 ilikuwa inaandika "imeshindwa" wakati mauzo yameshafika salama, na mtu angeyapeleka mara mbili. Tumeibadilisha, sasa inasubiri seva ijibu kuwa imepokea ndipo iseme lolote.

Konde nimemwandikia tarehe. Mwanawe anakuja mwezi ujao.

Mauzo ya Wete ya jana yamefika saa 1:40 usiku. Bi daftari lake bado analiandika, sikumuuliza.

---

MtuWaFumba

Hongera. Hizo `duka.pem` 8 zina funguo za siri zilizo wazi bila nywila. Umezifanyia nini?

---

MchumaKarafuu

Ziko kwenye flashi. Flashi iko kwa binamu.

Nipe dakika tano.